Mjadala: Jumba la zamani la mtaa, wanaojitolea waendelee kuliongoza au wapishe?

Mwanamtaa: Habari zenu. Kuna jumba la mikutano la mawe katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi, la enzi za mkoloni, paa la vigae. Mtaa sitautaja kwa sababu wahusika wamo humu na sitaki simu za usiku. Wanaolitunza ni kikundi cha kujitolea: wastaafu, mwalimu mmoja, vijana wawili watatu. Wanafagia, wanaziba paa, wanapokea wageni wa kupiga picha. Sasa amejitokeza mfadhili wa ukarabati, ila anataka meneja wa kulipwa na hesabu zilizokaguliwa. Kikundi kimekataa katakata. Wanasema hawakuhenya miaka yote hiyo ili waje kuamrishwa na mtu wa mshahara. Nyinyi mnasemaje?

Kijana wa Umoja: Wapishe. Kujitolea ni kazi ya watu wenye watoto ng'ambo wanaotumiwa pesa kila mwisho wa mwezi. Sisi wengine tunatafuta unga. Halafu mwenyekiti anakaa mpaka anakuwa sehemu ya jengo, kumtoa uombe kibali Makavazi ya Taifa, wale wanaolinda majengo ya kale.

Bi Shauri: Kibali cha Makavazi jameni 😂😂

Wakili Mdogo: Tuanze na sheria kwanza. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kitaifa majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Kaunti imepewa maktaba, makavazi ya kaunti na huduma za burudani. Jumba la mtaa ambalo ni muhimu kwa wakazi wake tu linaanguka katikati. Waziri halitangazi kuwa turathi kwenye Gazeti Rasmi chini ya ile Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, na kaunti inalihesabu kama ukumbi wa kukodisha tu. Kwa hivyo kabla ya kuuliza nani aongoze, ulizeni kikundi kina karatasi gani. Kama hakina mkataba na mwenye jengo, mfadhili atampa nani hizo pesa?

Mzee Kariokor: Kijana wa Umoja, mimi ni mmoja wa hao unaowasema. Sina mtoto ng'ambo. Nina mmoja Kayole na mwingine Rongai na wote wananikopa. Jumamosi unapokuwa umelala mimi niko juu ya ngazi natoa majani kwenye mifereji ya paa. Chunga mdomo wako.

Kijana wa Umoja: Shikamoo mzee. Sikukutaja jina. Lakini kofia ikikutosha...

Mzee Kariokor: Marahaba, na kofia ninayo yangu.

Bomoa Tujenge: Mnagombania nini kwani? Hayo majengo ni ya mkoloni. Babu zetu walisimamishwa foleni pale Kipande House, jengo la kutolea vipande vya utambulisho, wakapigwa alama za vidole, wakatoka wamening'inizwa kopo la chuma lenye kipande shingoni kama kengele ya ng'ombe. Leo mjukuu anapanda ngazi kusafisha mifereji ya mzungu. Bomoa, weka ghorofa kumi, vijana wapate pa kulala.

Binti Pangani: Kipande House ilijengwa lini, si miaka ya thelathini hivi?

Msomaji wa Benchi: 1913, dada. Mwaka mmoja na ile ofisi ya zamani ya PC, mkuu wa mkoa, ambayo sasa ni Nairobi Gallery. Sheria ya vipande yenyewe ilipitishwa 1915 ikaanza kuuma baada ya vita. Leo Kipande House ni benki, watu wanapanga foleni mlemle kuomba mkopo.

Bomoa Tujenge: Foleni ileile, kopo tofauti.

Msomaji wa Benchi: Hiyo nimeipenda. Ila ukibomoa utamwonyesha mtoto nini? Utamwambia babu yako alisimama hapa, hapa penye duka la simu? Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931 na ilikuwa ya wazungu peke yao. Leo mtoto wa Eastlands anapita katikati ya wale simba wa mawe mlangoni anaingia kusoma. Kwangu mimi hilo limemuuma mkoloni kuliko tingatinga.

Bomoa Tujenge: Mkoloni keshakufa, haumwi na chochote.

Fundi Mawe: Mimi nina swali moja kwa Mzee Kariokor. Hizo nyufa mnaziba na nini?

Mzee Kariokor: Simiti. Tungeziba na nini, uji?

Fundi Mawe: Nilijua! Hapo ndipo wanaojitolea wananitoa machozi. Mzee, heshima yako, lakini mnaliua hilo jengo mkidhani mnaliponya. Kuta za wakati ule mara nyingi zimejengwa kwa chokaa. Chokaa ni laini, inapitisha unyevu. Mvua ikinyesha ukuta unalowa, jua likiwaka unakauka kupitia pale kwenye viungo. Ukijaza simiti umefunga mlango. Maji yanatafuta njia nyingine, na njia iliyobaki ni jiwe lenyewe. Nenda kaguse mawe yaliyo karibu na viraka vyenu. Pitisha kidole. Kama uso wa jiwe unatoka unga au unabanduka vipande vyembamba, na simiti yenyewe imebaki imesimama nje kama ukingo, basi ujue jibu.

Mzee Kariokor: Mbona jengo limesimama?

Fundi Mawe: Limesimama kwa sababu mawe ya zamani ni mavumilivu.

Dada wa Hesabu: Mnazungumza mawe, mimi nataka kujua pesa. Wageni wanaopiga picha wanalipa? Harusi zikifanyika hapo nani anapokea? Mimi nimewahi kuwa mweka hazina wa kikundi, sitakitaja, na nilipoomba vitabu niliambiwa "dada, hapa tunaaminiana". Mtu akikwambia mnaaminiana, ujue risiti hakuna.

Mzee Kariokor: Sasa nimekuwa mwizi.

Dada wa Hesabu: Sijasema hivyo, mzee wangu. Nimeuliza risiti.

Mzee Kariokor: Kuuliza risiti mbele ya watu ni kusema hivyo. Mambo ya vikao yana mahali pake.

Bi Shauri: Mzee, mahali pake ni mkutano mkuu, na mkutano mkuu wa mwisho ulikuwa lini? Nauliza kwa heshima zote. Maana mimi pia nimo.

Kijana wa Umoja: Hee! Wamo wote humu!

Wakili Mdogo: Narudia: karatasi. Tangu 2022 kuna sheria ya usajili wa vikundi vya jamii. Mnaenda ofisi ya maendeleo ya jamii, mnapeleka katiba yenu na majina ya viongozi. Cheti hicho hakiwapi jengo, lakini angalau mnaweza kutia sahihi kitu. Kuna anayenisoma?

Msomaji wa Benchi: Nakusoma wakili. Nitoe mfano wa mbali kidogo, msinirushie mawe. Nyumba ya George Washington kule Mount Vernon ilikuwa inaoza. Serikali ya Marekani haikuitaka, jimbo la Virginia halikuitaka. 1853 mama mmoja, Ann Pamela Cunningham, akaunda kikundi cha wanawake wakachangisha pesa, 1858 wakainunua. Mpaka leo kikundi kilekile ndicho chenye nyumba. Lakini wameajiri! Wanakikundi wanakaa kwenye bodi bila mshahara, wa mshahara ndiye anayeshika funguo na mwiko. Kwa hivyo swali la Mwanamtaa limekaa upande. Hakuna anayepaswa kumpisha mwenzake.

Bomoa Tujenge: Washington alikuwa na watumwa. Ndiyo mfano uliotuletea?

Msomaji wa Benchi: Alikuwa nao, na makao yao yanaonyeshwa palepale. Nimezungumzia bodi, wewe umesikia Washington.

Bomoa Tujenge: Nimesikia nilichosikia.

Binti Pangani: Kwani mifano ya kwetu imeisha? Book Bunk, shirika la kukarabati maktaba, walianzishwa 2017 na akina dada wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Wakakubaliana na kaunti, wakakarabati maktaba za Kaloleni na Makadara, na McMillan wameishughulikia. Majengo ni ya umma bado. Nendeni Kaloleni mkaone watoto wamejaa.

Kijana wa Umoja: Hao si wa kujitolea, hao wana ofisi na wafadhili. Na ndiyo hoja yangu ya kwanza kabisa, wapishe wenye ujuzi.

Mzee Kariokor: Hoja yako ya kwanza ilikuwa watoto wangu wako ng'ambo.

Kijana wa Umoja: Mzee hiyo haijaisha tu?

Mzee Kariokor: Haijaisha. Nitakwambia kinachoniuma, na si meneja. Meneja aje. Kinachoniuma ni kwamba paa lilipovuja tuliandika barua ofisi fulani, tukaambiwa tusubiri bajeti. Vigae vilikuwa vinaanguka watoto wa nasari wakiwa ndani. Tukachanga wenyewe. Miaka yote hiyo hakuna aliyetuuliza hesabu wala chokaa. Pesa zimeonekana, sasa sisi hatujui kazi, sisi wezi, sisi tunaua mawe. Mungekuwa mmekuja na hiyo elimu wakati paa liko wazi.

Bi Shauri: Hapo mzee amesema kweli. Lakini mkutano mkuu bado hujanijibu.

Mwanamtaa: Jamani, swali lilikuwa waongoze au wapishe. Kikao na mfadhili ni wiki ijayo. Nipeni kitu cha kupeleka.

Fundi Mawe: Peleka hivi: viraka vya simiti vitolewe kwa patasi, polepole, si kwa mashine ya kutetemesha. Irudishwe chokaa na mchanga. Si ile chokaa iliyopakwa kwenye miti barabarani. Chokaa ya kujengea, iloweshwe vizuri kabla, na wasiijaze kwenye jua kali la saa saba.

Binti Pangani: Fundi, inapatikana wapi hapa Nairobi? Nyumba ya nyanya yangu Pangani ina ukuta unaomwaga unga hivyohivyo.

Fundi Mawe: Uliza maduka ya vifaa vya ujenzi kama wana ya kutoka Koru, kule magharibi mwa Kenya inakochomwa chokaa. Wakikuletea simiti nyeupe wakaiita chokaa, ondoka.

Bomoa Tujenge: Hata yangu inamwaga unga. Yaani sebule nzima.

Msomaji wa Benchi: Si ubomoe uweke ghorofa kumi?

Bomoa Tujenge: Hiyo ni ya mama yangu, wacha mchezo.

Wakili Mdogo: Hakuna aliyenijibu kuhusu mkataba. Nitaandika kwa herufi kubwa: MKATABA NA MWENYE JENGO.

Mzee Kariokor: Fundi, unaweza kuja Jumamosi uonyeshe vijana mara moja? Bila malipo lakini. Chai ipo.

Fundi Mawe: Mzee, mimi nalipwa kwa siku. Nije bure, halafu meneja akija yeye alipwe?

Kijana wa Umoja: Sasa fundi ndiye amesema nilichokuwa nasema.

Mzee Kariokor: Basi nitakulipa nauli na nusu siku, kutoka mfukoni.

Dada wa Hesabu: Mfuko upi, mzee? Wako au wa kikundi?