Baada ya gwaride la kuhitimu, askari wa akiba hutunzwaje?

Mhitimu wa Pasua, Moshi

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu juu ya jambo lililonikaa moyoni kwa miaka kadhaa. Nilipitia mafunzo ya jeshi la akiba, ambayo wengi wetu tunayaita mgambo, nikiwa na umri wa miaka 22. Kwa miezi minne tulifundishwa kwata, kulenga shabaha, kusoma ramani na huduma ya kwanza. Siku ya kufunga mafunzo mgeni rasmi alikagua gwaride, tukala kiapo, na mama zetu wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo sijaitwa hata kwa siku moja ya kujikumbusha. Nimehama kata mara mbili na kubadili namba ya simu. Wenzangu wengine ni walinzi, wengine wanaendesha bodaboda, na yule aliyetushinda sote kwa shabaha sasa ni fundi magari huko Arusha.

Mlima Kilimanjaro ulipowaka moto Oktoba 2020, nilisimama barabarani nikiutazama moshi, mtu niliyefunzwa na kuapishwa, nisijue niripoti kwa nani. Swali langu ni hili: kama tungeweza kurekebisha jambo moja kwanza, lianze lipi? Tuongeze mafunzo, tulipe posho, au tubadili sheria?

Mstaafu wa Usa River

Kijana wangu, ningeanza na daftari la wahitimu, na nitakueleza kwa nini.

Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, serikali ililivunja jeshi lililorithiwa kutoka kwa mkoloni, na Septemba 1 mwaka huohuo JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ikaanzishwa juu ya wazo kwamba ulinzi ni wa wananchi wote. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukalisukuma wazo hilo hadi vijijini na viwandani. Ndiyo maana majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, ilikuwepo hazina ya mgambo, na makumi ya maelfu waliitwa, wakavaa sare na kwenda mstari wa mbele pamoja na askari wa kudumu.

Katika kombania yetu tuliletewa mgambo wa aina mbili. Walikuwapo waliotoka sehemu moja ya kazi, ambao walikuwa wakifanya kwata pamoja jioni baada ya kazi na wakimjua kiongozi wao kwa jina na kwa sauti. Hao baada ya siku chache walikuwa askari. Walikuwapo pia waliofunzwa mara moja tu, miaka mingi nyuma, kisha wakasahauliwa kama wewe. Hao tuliwafundisha upya kufungua na kufunga bunduki, na muda tuliotumia kuwafundisha ulikuwa muda wa vita. Walikuwa mashujaa kama wenzao, lakini hakuna aliyekuwa amewatunza.

Kwa hiyo kila kata iwe na orodha inayohakikiwa kila mwaka: jina, makazi, kazi, ujuzi, kundi la damu, na ndugu wa kupigiwa simu. Dereva wa lori aandikwe dereva wa lori, na muuguzi aandikwe muuguzi.

Niongeze jambo linaloniuma. Mwananchi wa kawaida akisikia neno mgambo humfikiria yule anayemwaga sufuria la mama lishe kando ya soko. Kukamata ni mamlaka ambayo mgambo walipewa kwa sheria mwaka 1975, lakini kazi ya kuwatimua wafanyabiashara wadogo imelichafua jina la watu walioapa kuilinda nchi. Mageuzi yoyote yatenganishe kazi hizi mbili, hata kwa sare.

Mwalimu wa Historia, Majengo

Mzee wangu, shikamoo. Ninakubaliana nawe kuhusu daftari, lakini daftari lisilo na fedha nyuma yake litabaki kuwa orodha ya watu wasioweza kuacha kazi zao. Uswisi, ambayo ulinzi wake unategemea zaidi raia kuliko askari wa kudumu, humfunza kijana kwa wiki 18, kisha humrudisha kambini kwa mafunzo mafupi ya wiki tatu miaka inayofuata. Hilo linawezekana kwa sababu upo mfuko unaochangiwa na wafanyakazi na waajiri, nao hufidia asilimia 80 ya kipato cha aliyeitwa. Marekani ilitunga sheria mwaka 1994 inayomlazimu mwajiri kumrudishia askari wa akiba nafasi yake ya kazi.

Tujifunze pia kutokana na makosa ya wengine. Uingereza ilipoamua kupunguza jeshi la kudumu hadi askari 82,000, ilitangaza kwamba askari wa akiba 30,000 waliofunzwa wangeziba pengo ifikapo 2018. Idadi ilitangazwa kabla njia ya kuifikia haijawa tayari: mifumo ya kuandikisha ilikwama na vijana waliojitolea walisubiri kwa miezi mingi, wengi wao wakakata tamaa. Huko mwajiri mdogo hulipwa pauni 500 kwa mwezi mfanyakazi wake anapoitwa kazini, kwa sababu waligundua kwamba bosi anaweza kuliua jeshi la akiba kimyakimya kwa kukataa ruhusa.

Mwenye karakana, Sakina

Mwalimu ametutaja sisi, basi nijibu. Nina madereva wanane wa magari ya watalii na mafundi watano, na wawili kati yao ni wahitimu wa mgambo. Sipingi kuwaachia. Ninachopinga ni barua inayofika Ijumaa ikimtaka mtu Jumatatu. Aprili na Mei, mvua za masika zinaponyesha na wageni ni wachache, madereva wangu hukaa bila safari, na hata wiki tatu ningewaachia kwa mshahara kamili. Lakini miezi hiyohiyo ndiyo magari yote hushushwa injini, kwa hiyo fundi siwezi kumtoa. Fundi nimpe ruhusa Novemba. Sidhani ratiba moja kwa wote itafaa, maana huko kwenu mlimani wakati wa masika watu wako shambani, na kuanzia Julai wanachuma kahawa. Nipeni tarehe miezi sita kabla, na mlinganishe ratiba na kazi ya mtu.

Mhitimu wa Pasua, Moshi

Nawashukuru wote. Mzee, marahaba zako nitazifuata Usa River mwenyewe. Sina uwezo wa kutunga sheria wala kuanzisha mfuko, lakini daftari linawezekana. Tulihitimu zaidi ya 80, na mpaka leo jioni nimewapata 11 kwa simu. Nimeandika kata, kazi na ujuzi wa kila mmoja, na kama alivyoshauri mwenye karakana nimeongeza safu ya miezi ambayo mtu anaweza kuacha kazi yake. Jumatatu nitaipeleka nakala kwa mtendaji wa kata na nyingine kwa mshauri wa mgambo wa wilaya. Kundi la damu wanalijua watatu tu. Hao wengine nimewaomba wapime kabla ya mwisho wa mwezi.