Thinner ya kuyeyushia rangi inamuumiza mdogo wangu au ni uchovu tu?

Dada_Ndeeba: Banange naombeni msaada. Mdogo wangu anapiga rangi magari gereji moja hapa Ndeeba, Kampala, mwaka wa 3 sasa, na pale wanapopulizia wamezungushia turubai pande zote vumbi lisiingie, akirudi jioni kichwa kinamgonga, anapepesuka kama mlevi na pombe hagusi, halafu siku hizi anasahau, juzi kaniuliza kitu kimoja mara 3. Mikono anaoshea thinner mpaka imekuwa myeupe, imepasukapasuka kama magamba. Bosi anawanunulia maziwa kila siku eti yanasafisha kifua. Yanasaidia kweli?

FundiMstaafu: Pole dada. Mimi nimepiga rangi Katwe miaka 9, maziwa nimekunywa mpaka basi na kichwa kiliuma vilevile. Maziwa yanaenda tumboni, mvuke unaingia mapafuni halafu kwenye damu, vitakutana wapi? Na asidanganywe na pua, asubuhi harufu inakukaba, baadaye huisikii tena, kumbe imo vilevile, pua ndo imezoea.

Musawo_K: Niko kliniki, hawa nawaona. Thinner nyingi zina toluini, inashika ubongo na neva. Kichwa na kizunguzungu ni mwanzo tu, ikienda miaka inaharibu kumbukumbu na hata masikio, hasa penye kelele za kompresa. Ngozini pia inapita, kwa hiyo anawe kwa sabuni, na asikimbilie petroli, ina benzeni inayoleta kansa ya damu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, anataka ile ya vichujio vya mkaa, na vibadilishwe. Turubai lifunguliwe mpaka chini maana mvuke huu ni mzito kuliko hewa, unalala chini. Sheria ya Uganda ya usalama kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bure. Na akienda hospitali ataje kazi yake kwanza, la sivyo atapewa dawa za malaria arudi nyumbani.

Dada_Ndeeba: Malaria kapimwa mara 2, hakuna kitu. Lakini jaketi lake la kazi analitundika chumbani na mke wake ana mimba ya miezi 5, hiyo je?

Musawo_K: Litoke leo leo, toluini si ya kukaa karibu na mjamzito. Avue nguo za kazi nje, zifuliwe peke yake.

Dada_Ndeeba: Nimeshalitoa, liko kwenye kamba nje. Kesho asubuhi naenda naye hospitali mwenyewe.