Nihesabu mizunguko au wanawake?

Mwanafunzi wa uzamili, Moshi
Shikamooni. Ninachambua takwimu za wanawake wenye ugumba unaotokana na PCOS (tatizo la homoni linaloweza kuzuia mayai kupevuka), waliopangwa kwa nasibu kutumia ama letrozoli ama klomifeni, dawa za kupevusha mayai, kwa mizunguko ya hedhi isiyozidi mitano. Katika jedwali langu kila mzunguko una mstari wake. Nikilinganisha walioshika mimba katika makundi mawili kwa jaribio la kai mraba kwa mistari yote, thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivi kwa bahati tu) inashuka chini ya 0.05, nikihesabu wanawake, inapanda juu yake. Msimamizi ameirudisha sura nzima bila maelezo. Niripoti ipi?

Mhadhiri, Arusha
Marahaba. Fungua jedwali lako: aliyeshika mimba mzunguko wa kwanza ana mstari mmoja tu, ilhali aliyekosa hadi mwisho ana mitano. Kai mraba, inayochukulia kwamba kila mstari unajitegemea, imemhesabu mara tano yule ambaye dawa haikumsaidia, kana kwamba mwili wake wa Machi hauna uhusiano na wa Aprili. Aliyepangwa kwa nasibu ni mwanamke, kwa hiyo gawanya kwa wanawake. Ndivyo ulivyofanya utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 kuhusu dawa hizo hizo: waliojifungua mtoto hai walikuwa 103 kati ya 374 waliopewa letrozoli, na 72 kati ya 376 waliopewa klomifeni. Nao tokeo walilohesabu ni kujifungua mtoto hai, si kipimo cha mimba cha mkojo.

Mtakwimu, Moshi
Nakubaliana, ila mistari usiitupe. Ukifanya uchambuzi wa muda hadi tukio, kila mzunguko unauliza swali moja: kati ya waliokuwa hawajashika mimba, wangapi wameshika sasa? Hapo mistari mitano ya mtu mmoja haina kosa. Tatizo ni walioacha njiani, kwa kuwa njia hii inadhani hawatofautiani na waliobaki, nami siafiki kirahisi. Wengi wanaoacha wamekata tamaa, au wameishiwa nauli ya kushuka kutoka Rombo.

Mwanafunzi wa uzamili, Moshi
Nashukuru sana. Nilikuwa nimewatoa pia ambao mayai yao hayakupevuka.

Mhadhiri, Arusha
Pengine hiyo ndiyo sababu sura yako ilirudishwa. Yai kupevuka ni tokeo la dawa yenyewe. Ukilinganisha waliopevusha peke yao, makundi hayalingani tena kama yalivyokuwa siku ya kupangwa. Warudishe wote, kila mmoja katika kundi alilopangiwa, hata aliyemeza vidonge viwili akaacha.