Mrejesho: Koti la baharini lililokuwa likinilowesha

Mwezi uliopita niliuliza kwa nini koti langu la kuendeshea mashua ya tanga, ambalo halijachanika popote, lilikuwa likiniacha nimelowa kila bahari inapochafuka. Mlinishauri nilifue kabla ya kununua jingine, nami nawashukuru kwa dhati.

Utando wa ndani unaozuia maji haukuwa umeharibika. Kilichokuwa kimechoka ni dawa ya juu ya kitambaa, ile inayoyafanya maji yawe matone na kuteleza. Chumvi iliyokauka huvuta unyevu, kwa hiyo kitambaa cha nje kikanywa maji, mvuke wa jasho ukakosa pa kutokea, nami nikadhani koti linavuja ilhali sehemu kubwa ya unyevu ule ilikuwa jasho langu mwenyewe.

Nililifua kwa sabuni maalumu ya nguo za aina hii, bila kilainishi, nikalisuuza mara mbili, kisha, kwa kuwa lebo inaruhusu, nikalikausha kwenye mashine kwa joto la chini kwa dakika 20, maana joto huiamsha dawa iliyobaki. Mabegani maji bado yalizama, hivyo nikapulizia dawa mpya. Utepe unaoziba mshono mmoja wa kwapani ili maji yasipenye umebanduka, na huo hauponi kwa kufuliwa. Itabidi ubandikwe upya.

Juzi nilishika usukani kwa saa 4 katika mvua na mawimbi, na shati la ndani lilibaki kavu isipokuwa shingoni, ambako sikuwa nimekaza kola. Sasa nalisuuza kwa maji yasiyo na chumvi siku ile ile ninayorudi nchi kavu.