Fundi amefunga sakafu ya tela langu kwa skrubu za jipsamu, na bolti nilizomkabidhi hajui zilipo

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha, ila nitajitahidi kueleza jambo hili hatua kwa hatua ili yeyote anayejengewa tela la kupigia kambi ajue nilikoumia.

Mwaka jana niliamua kutengenezewa na fundi tela dogo la kulala watu wawili, kwa ajili ya safari za familia nje ya Arusha. Fremu niliichora mwenyewe, urefu wa sentimita 244 na upana wa 122, yaani kipimo kilekile cha shiti moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, ili sakafu iwe kipande kimoja kisicho na kiungo. Paipu za mraba zinazokatiza fremu zilikuwa tano, zikiachana kwa sentimita 61. Nilikwenda mwenyewe dukani nikanunua bolti 20 za milimita 8 zenye urefu wa milimita 80, zile zenye kichwa cha mviringo kama uyoga na shingo ya mraba inayong'ata mbao, pamoja na washa pana na nati zenye pete ya plastiki ndani, ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Bolti nne kwa kila paipu. Nilizitia kwenye mfuko, nikamkabidhi fundi mkononi, nikamwonyesha mchoro, naye akaniitikia, "Hamna shida, bosi wangu."

Tela nililikabidhiwa likiwa limependeza. Kibanda kimepakwa rangi nyeupe, na sakafu imefunikwa kwa zulia la plastiki lililobandikwa kwa gundi hadi kwenye pembe. Zulia hilo sikuliagiza. Lilikuwa zawadi, aliniambia. Leo najua lilikuwa sanda.

Safari ya kwanza ilikuwa wakati wa masika, kwa barabara ya vumbi kutoka Mto wa Mbu kuelekea Engaruka, ambayo wengi wenu mnaijua jinsi inavyotikisa meno. Siku ya pili mlango ulikataa kufunga. Siku ya tatu, nikiwa nimelala, nilihisi sakafu ikipanda na kushuka upande wa miguuni, na asubuhi niliweza kuingiza kidole gumba kati ya plaiwudi na chuma. Tulirudi Arusha kwa mwendo wa maiti, nikabandua zulia.

Chini yake hakukuwa na bolti hata moja. Kulikuwa na skrubu nyeusi za kufungia jipsamu, 20 kwa hesabu, na 11 kati yake zilikuwa zimekatika vichwa. Skrubu hizo zimetengenezwa kushikilia bodi ya dari, kitu kisichokwenda popote. Ni ngumu lakini hazina unyumbufu, na zikisukumwa kwa ubavu hukatika kama njiti ya kiberiti. Rangi yake nyeusi haizuii kutu ya nje. Fundi alitoboa paipu kwa keekee ndogo, akazisokomeza, na meno machache yaliyoshika chuma ndiyo aliyoyategemea yabebe nyumba yangu.

Nasema nyumba kwa sababu, katika tela la namna hii, kuta zimefungwa kwenye sakafu, na sakafu ndiyo imefungwa kwenye fremu. Hakuna kingine kinachoshikilia kibanda na magurudumu pamoja. Skrubu zile zilipokatika, kibanda kilikuwa kimekaa juu ya chuma kwa uzito wake tu, nami nilikuwa nikikivuta kwenye lami ya Makuyuni huku malori yakinipita. Mke wangu hajanisamehe, na sidhani kama anapaswa kufanya hivyo haraka.

Plaiwudi yenyewe ni kesi nyingine. Niliagiza ya baharini, ya milimita 18, nikaletewa ile ya kahawia inayong'aa ambayo mafundi wa zege hutengenezea fomu za nguzo, na ambayo madukani mwetu nayo huitwa marini. Uso wake unastahimili maji, lakini ukiikata au kuitoboa bila kuziba kingo kwa rangi au epoksi, maji huingia kati ya tabaka, na hakuna kingo hata moja iliyozibwa. Nilikata kipande, nikakichemsha sufuriani, na tabaka zake zikaachana kabla hata ya muda wa saa mbili kwisha. Plaiwudi ya baharini haifanyi hivyo.

Nilipoiondoa shiti nzima nilikuta chuma kilicho chini yake hakikupakwa rangi ya kuzuia kutu. Kilichopakwa ni kile tu kinachoonekana ukisimama pembeni. Zaidi ya hapo, miguu ya kusimamishia tela ilichomelewa baada ya sakafu kufungwa, kwa hiyo uvungu wa plaiwudi una alama nne za mkaa. Mtu yeyote aliyewahi kushika mashine ya kuchomelea anajua kuwa kwanza unamaliza moto, kisha unapaka rangi, inakauka, unaweka silanti, yaani gundi laini ya kuzibia maji, juu ya paipu, ndipo unalaza mbao na kufunga bolti, na kila tundu linaloingia kwenye paipu unaliziba ili maji yasikae ndani yakala chuma kimyakimya.

Nilipomfuata fundi alinijibu, "Barabara ndiyo imeharibu, bosi, kazi yangu haina tatizo." Barabara ile niliitaja siku ya kwanza kabisa. Tela la kambi linajengwa kwa ajili ya barabara kama ile. La kusimama uani lisingehitaji hata magurudumu.

Kosa langu nalikubali: nililipa salio bila kulala chini nikatazama uvungu. Ningetazama, nisingeona nati hata moja, na mambo yangeishia hapo.

Ninadai gharama ya plaiwudi na nusu ya fedha ya ufundi, na ushahidi wa picha ninao. Mwenye kujua duka la Arusha linalouza plaiwudi halisi ya baharini, yenye muhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi hiyo, anielekeze. Kuhusu bolti zangu, fundi ameapa kuwa zilipotea. Juzi nilipita mbele ya karakana yake nikakuta geti jipya la mbao linasubiri mteja, limefungwa kwa bolti zenye kichwa cha uyoga. Nilizihesabu nikiwa ndani ya gari. Ni kumi na sita.