Tupeane uzoefu: maandalizi ya mahafali ya chuo kikuu kwa sisi wa Tanga

Bint wa Chumbageni

Assalaam aleikum, na habari za leo ndugu zangu. Msimu wa mahafali unakaribia, na vijana wetu wengi wa Tanga mjini, Muheza, Pangani na Korogwe watatunukiwa mbali na nyumbani: Dar, Morogoro, Dodoma. Anayeishi Sinza akisahau kitu, bodaboda humrudisha akakichukue. Wa kwetu akisahau, kuna kilomita zipatazo 350 kati yake na kabati lake. Kwa hiyo naomba kila mwenye ujuzi, awe karani, fundi cherehani, mpishi au msafiri, aeleze sehemu yake kwa undani. Tuanze na makaratasi, maana huko ndiko mtu anakolikosa joho lake.

Karani Mwanzange

Wa aleikum salaam, dada. Mimi naweka jina mbele ya kila kitu, hata mbele ya malipo.

Chuo hutoa orodha ya awali ya wahitimu kabla ya sherehe, na hutaja tarehe ya mwisho ya kupokea masahihisho. Jina litakaloandikwa kwenye cheti cha shahada hufuata lile la cheti cha kidato cha nne. Toa cheti chako cha NECTA, kiweke kando ya orodha, kisha soma herufi moja moja kwa kidole. Usisome neno zima, kwa sababu jicho hujaza lenyewe herufi iliyopungua. Majina yetu ya pwani ndiyo yanayoponza watu: Saidi na Said, Mwanahamisi na Mwanakhamis, Zubeda na Zubeida, Athumani na Othman. Nyumbani yote ni mtu mmoja. Kwa mwajiri ni watu wawili.

Kama kosa ni la mchapaji wa chuo, andika barua kwa Msajili, ambatanisha nakala ya cheti cha kidato cha nne, taja namba yako ya usajili, ukae na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kama wewe mwenyewe umebadili jina, kwa mfano baada ya ndoa, hilo linahitaji hati ya kubadili jina (deed poll) iliyosajiliwa, na halimalizwi ndani ya wiki. Ukisubiri mpaka cheti kichapwe, umejitakia safari ndefu, maana hapo hawasahihishi karatasi, wanatakiwa kutoa cheti kingine.

Kliarensi, yaani kuthibitishiwa na kila ofisi kwamba hudaiwi: pita idara, maktaba, bweni, na mhasibu awe wa mwisho. Mpangilio huu una sababu yake. Mhasibu anasaini akiona hakuna ofisi iliyokuandikia deni. Ukimwanza yeye, akasaini, kisha maktaba ikakuta kitabu hakijarudi, unarudi kwake upya. Wanaojaza kwenye mfumo wa chuo waangalie neno lililoandikwa mbele ya kila ofisi. "Inasubiri" haimaanishi umepita. Piga simu ofisi hiyo hiyo iliyokwama, usiulize mapokezi.

Malipo kwa vyuo vya umma hupitia namba ya malipo ya serikali, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Kila ankara ina namba yake. Ya ada ya masomo si ya joho, na ya mwenzako si yako hata kama kiasi ni kile kile. Kabla ya kuweka namba ya siri kwenye simu, soma jina la mlipwaji na maelezo yanayojitokeza. Kesho yake ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi uone kama deni limefutika. Namba nazo huisha muda, kwa hiyo usiitengeneze leo kwa kulipa mwezi ujao. Itengeneze siku pesa iko mkononi.

Mama Makorora

Ahsante mwanangu, umenifungua macho. Mimi naomba fundi atusaidie. Binti yangu huvaa hijabu, na nimeona mabinti wengi kofia zinawaelemea nyuma, picha zote uso unaangalia juu. Tatizo ni kofia au ni hijabu?

Fundi Barabara ya 9

Shikamoo mama. Mara nyingi tatizo ni nywele, kofia na hijabu havina kosa. Tuta la nywele likikaa utosini huinua kofia mbele, ikateleza kisogoni. Tuta lishuke mpaka usawa wa shingo. Ndani avae kikofia cha pamba kinachobana, juu yake mtandio mmoja mwepesi usio na utelezi. Satini haifai. Kofia ivaliwe bapa, ncha moja ielekee mbele katikati ya paji la uso, ukingo ukae upana wa kidole kimoja juu ya nyusi. Kisha pini mbili za nywele, moja kila upande, zishike ukingo wa ndani na mtandio. Wanaposajili ukubwa wa kofia, apime kichwa kwa tepu akiwa amevaa hijabu na kikofia chake. Akipima kichwa kitupu, atapewa kofia ndogo.

Sasa joho lenyewe. Siku ya kulichukua, lijaribu pale pale ukiwa na viatu vya siku ya sherehe. Pindo lifike katikati ya goti na kifundo cha mguu. Likifika kwenye kisigino utalikanyaga ukipanda ngazi. Likiwa refu usilikate, si lako. Pandisha kwa bandi ya mkono, uzi wa rangi ile ile, mishono mikubwa, na baada ya sherehe ufumue. Angalia mambo manne: zipu ya mbele, mshono wa kwapa, ukosi, na madoa kwenye mikono mipana. Ukikuta tundu, mwoneshe anayekukabidhi, alitie kwenye fomu, upige picha. Lisipoandikwa siku ya kuchukua, siku ya kurudisha litahesabiwa lako.

Majoho mengi ni poliesta. Pasi ya mkaa isiliguse kabisa, haina kipimo cha joto na kitambaa hiki hung'aa kisha huyeyuka. Tumia pasi ya umeme kwenye moto mdogo, juu yake kitambaa cha pamba kibichi, upande wa ndani. Usipokuwa na pasi, litundike chooni au bafuni penye mvuke wa maji ya moto kwa dakika 20, mikunjo mingi itajiachia.

Na hudi, kile kitambaa cha rangi kinachoning'inia mgongoni. Hiki ndicho kinachowatesa watu wengi kuliko kofia. Mbele kina kitanzi kidogo, na kitanzi hicho kimeshonwa kwa ajili ya kifungo cha shati. Mwanaume mwenye shati la vifungo hana shida. Binti aliyevaa gauni lisilo na kifungo, uzito wote wa nyuma huvuta, kitambaa kinapanda kooni na kumkaba saa nne nzima. Dawa yake ni sefti pini mbili: moja ipitie kitanzi na gauni usawa wa kidari, nyingine ishike hudi na joho begani kwa ndani. Au ashonewe kifungo kidogo kwenye gauni, ndiyo njia ninayoipendelea. Nyuma, mkunjo wa hudi ugeuzwe nje ili rangi ya ndani ionekane, kwa sababu rangi ndiyo inayomtambulisha mhitimu. Hilo mtu hawezi kujifanyia. Mgeuzieni ninyi kabla hajaingia kwenye mstari.

Wanaouliza kama wanaweza kushona joho lao: kitambaa cha upana wa mita 1.5 hutoka joho moja kwa mita 4 hivi. Ila soma tangazo kwanza. Vyuo vingine havipokei joho lisilotoka kwa mzabuni wao, na weusi wa kitambaa cha dukani mara nyingi haulingani na wa wenzako.

Msafiri wa Kange

Joho si jambo la waja leo waondoka leo. Mazoezi hufanyika siku moja kabla ya sherehe, na huko ndiko unakopewa nafasi ya kukaa na maelekezo ya kishada cha kofia. Kwa hiyo toka Tanga siku mbili kabla, basi la alfajiri. Stendi ya Kange hadi Dar hesabu safari ya saa sita, na uache nafasi ya kuchelewa. Anayekwenda Morogoro au Dodoma asiende Dar. Ashike basi la moja kwa moja, au abadili Chalinze.

Usidhani kila sherehe iko ndani ya chuo. UDSM imefanyia mahafali mengi ukumbi wa Mlimani City, Barabara ya Sam Nujoma; UDOM ina ukumbi wa Chimwaga. Soma na duru: chuo kikubwa hugawa wahitimu siku tofauti, na familia nzima inaweza kufika siku ya fani nyingine.

Joho lisikunjwe kwenye begi la chini ya basi. Lining'inize kwenye henga, funika na mfuko, kaa nalo.

Mdau wa Bagamoyo

Naongeza la kwetu. Bagamoyo hadi Dar ni kilomita kama 65, na ukaribu huo ndio unaotudanganya. Foleni ya Tegeta hadi Mwenge asubuhi haina huruma. Sherehe ikianza saa 3, tokeni saa 11 alfajiri. Milango hufungwa kabla ya maandamano ya wanataaluma kuingia, na mwenye kadi aliyechelewa husubiri nje.

Mshereheshaji Raskazone

Hapo kwenye maandamano, wageni wengi hawajui cha kufanya. Ikiingia siwa, wote husimama na hakuna anayetembea kupiga picha. Neno hilo ni letu wa pwani: siwa ni ile baragumu kubwa ya heshima, kama ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba. Vyuo wameliazima kwa rungu la mamlaka ya chuo. Waelezeni wazee kabla, watafurahi kulijua.

Shahada za kwanza mara nyingi hutunukiwa kwa kundi: Mkuu wa Chuo anatamka, wote wamesimama. Wa uzamivu huitwa mmoja mmoja. Mama asingoje jina la mwanawe ndipo apige kigelegele, huenda lisisomwe peke yake. Ajue jina la programu.

Mpishi Msambweni

Fupi tu. Pilau ya nyumbani, kilo moja ya mchele hesabu watu 7 wakiwa na nyama na kachumbari. Watu 100, kilo 15 za mchele na kilo 12 za nyama. Pikeni siku ya pili baada ya kurudi, msipike siku ya safari.

Bint wa Chumbageni

Ahsanteni sana. Limebaki moja, naona ndugu wanaliuliza: kumtunza mhitimu, yaani kumpongeza kwa zawadi, nyumbani akiwa na joho. Kurudisha kuna siku zake na faini, na vyuo vingine havitoi cheti joho likiwa nje. Je, mtu alirudishe kabla ya kurudi Tanga?

Fundi Barabara ya 9

Alirudishe, dada. Picha za familia zipigwe jioni ile ile, jua likishapoa, bibi na babu wakiwa wamekaa. Mataji ya maua yenye waya yavaliwe shingoni juu ya mtandio au kanga, yasikwaruze joho, na povu la kopo lisipulizwe kabisa, doa lake halitoki. Nyumbani doti ya kanga inatosha, mumfunge mabegani. Na risiti ya kurudisha joho akae nayo mpaka siku atakayochukua cheti.