Wana Tanga, tufanyeje ili sherehe ya mji wetu ijae wenyeji?

Fundi Spoku, Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Mie ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Kuna jambo linanikereketa, naomba ushauri wenu.

Kila mwaka sie vijana wa hapa, pamoja na wazee wa baraza la kahawa, tunaandaa matembezi ya baiskeli. Tunakusanyika uwanja wa Tangamano alasiri, tunavuka reli, tunapita mnara wa saa na Bustani ya Jamhuri, kisha tunafuata bahari mpaka Raskazone. Huko kunakuwa na taarabu, mihogo, samaki na kahawa mpaka usiku. Si mbio. Nia ni mtu apande baiskeli yake, hata kama ni Phoenix ya babu yake, aupite mji wake polepole na autazame. Siku chache kabla ya matembezi huwa natengeneza baiskeli za watoto bure: naziba pancha, nanyoosha ringi, nakaza spoku. Hakuna kazi ya mwaka ninayoipenda kama hiyo.

Sasa tatizo. Wanaokuja wengi ni wageni: vijana wa kujitolea kutoka Ulaya, wafanyakazi waliohamishiwa hapa, na watoto wa Tanga wanaoishi Dar na Arusha waliokuja likizo. Nawashukuru wote, tena kwa moyo. Lakini watu wa Makorora, Mabawa, Msambweni na Kwaminchi siwaoni. Wachache tunaopishana nao njiani wanatutazama kama wanaotazama msafara wa harusi ya watu wasiowajua.

Na si kwamba hawana habari. Tumebandika matangazo soko la Mgandini na stendi ya Kange, redio za hapa mjini zimetusaidia, makundi ya WhatsApp yamejaa picha zetu. Nikimuuliza mteja kibandani, ananiambia, "Niliona tangazo, lilikuwa zuri." Kuja haji.

Linaloniuma zaidi ni yale maneno ya "Tanga ilikuwa zamani, enzi za mkonge." Sensa ya 2022 imetuhesabu karibu laki nne. Bandarini, meli zilizokuwa zikitia nanga mbali na kupakuliwa kwa matishari sasa zinafunga gatini. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, linaishia kwetu Chongoleani. Na bado mtoto wa darasa la saba anaona kwao ni mahali pa kuhama tu, akishajua kusoma. Nataka apate japo siku moja katika mwaka ya kuringia mji wake.

Nifanyeje? Msiniambie niongeze mabango.

Mama Shughuli wa Makorora

Mwanangu, jibu lako umeliandika mwenyewe humo humo. Hebu soma tena njia yako. Tangamano, unavuka reli, mnara wa saa, bustani, Raskazone. Ukishavuka reli umetuacha. Raskazone ndiko walikokaa wakubwa wa serikali ya kikoloni, na mpaka leo mtu wa Makorora huenda kule siku ya Idi, au akiwa na kazi kwenye nyumba ya mtu. Baiskeli zenu hazijakanyaga kwetu hata mara moja, halafu unashangaa kwamba hatutoki kuja kuzitazama!

La pili. Mie nimesimamia shughuli nyingi za watu hapa mjini, harusi na khitma, na sijaona shughuli iliyojaa kwa karatasi ya ukutani. Karatasi inamwambia mtu kwamba jambo lipo, haimwambii kwamba yeye anatakiwa. Kwenye harusi tunatuma watu wawili watatu wapite nyumba hadi nyumba, wapige hodi, wakae kidogo, waseme, "Fulani anakualika, na amesema wewe ndiye wa kumpikia maandazi." Basi. Huyo mtu atakosaje kuja? Maandazi yake yatakuwa yamefika kabla yake.

Tazama Maulidi ya Mfungo Sita. Nani anabandika matangazo ya zefe, yale maandamano ya barabarani? Kila madrasa inatoka na watoto wake, wamevaa kanzu na mitandio, wameshika bendera yao, wameimbishwa kaswida wiki nzima. Nyuma ya kila mtoto yuko mama yake, yuko bibi yake, na shangazi aliyemshonea nguo. Barabara inajaa kwa sababu ya mtoto mwenye zamu ya kushika bendera.

Ngamiani mna barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja. Kila barabara itoe kundi lake, rangi yake, na mtoto wake wa mbele. Huku kwetu wenyeviti wa mitaa watakusaidia. Na sie wanawake usitusahau. Wengi wetu hatutapanda baiskeli mbele za watu kwenye barabara kuu, huo ndio ukweli, na hakuna haja ya kutushawishi. Tupe vituo. Kila kituo kiwe na kikundi chake cha akina mama: hapa mkate wa kumimina, pale visheti, pale maji ya ukwaju. Kile kituo kitatangazwa na sisi wenyewe, na utaona.

Mgosi wa Buguruni

Mimi ni mmoja wa hao "watoto wa Tanga wanaoishi Dar", kwa hiyo nasema kwa niaba ya wenzangu: tutakuja tu, hatuhitaji kubembelezwa. Tunachohitaji ni tarehe ijulikane mapema, ili mtu aombe ruhusa kazini na tukodi basi.

Naongeza jambo moja juu ya maneno ya Mama Shughuli. Mji wetu una kitu ambacho miji mingi ya ukubwa wake haina: timu mbili zenye historia, zote za hapa hapa. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walioanza 1948 na kuchukua ubingwa wa nchi 1988. Na African Sports, Wana Kimanumanu. Nimekulia nyumba ambayo baba alikuwa Coastal na mjomba Sports, na chakula cha jioni kilikuwa kinaliwa kwa mabishano. Watu wale wale wasiokuja kwenye baiskeli zako, nenda uwanja wa Mkwakwani siku ya mechi uwaone.

Basi waombe mashabiki wa pande zote mbili watoe kila upande msafara wake wa baiskeli, na jezi zao. Wasishindane mbio, washindane nani ameleta watu wengi na nani amepamba vizuri. Mshindi apewe kitu cha kutunza mwaka mzima, hata kengele ya baiskeli iliyochongewa ubao. Mashabiki wakishasikia kwamba wenzao wa upande wa pili wameleta watu mia, hutahitaji redio.

Ila tusije tukaiacha Raskazone. Ufukwe ni wetu sote. Mtoto wa Mabawa anayejiona mgeni Raskazone ndiye hasa anayetakiwa kufikishwa pale, tena akiwa na mtaa wake mzima.

Fundi Spoku, Ngamiani

Mama yangu, nimesoma mara mbili. Jambo la reli limeniingia kabisa. Tutaanzia ndani: Makorora, Mabawa, kisha Ngamiani barabara kwa barabara, kila kundi likiungana na msafara linapofikiwa, ndipo tuvuke reli tukiwa wengi. Raskazone nabaki nayo kwa sababu aliyoisema Mgosi. Vituo vya akina mama nimevichukua vilevile ulivyovitaja.

Swali: je, tusimame sehemu za kihistoria na kuzieleza? Mwaka jana tulijaribu, watu wakachoka.

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni

Watachoka ikiwa msemaji anasoma karatasi juani. Simameni mara tatu tu, na pawepo mahali pa kuonyesha kwa kidole.

Kwanza, pale mnapovuka reli. Mwambieni mtoto kwamba reli ya kwanza katika nchi hii ilianza kujengwa hapa, mwaka 1893, wakati Dar es Salaam haina hata futi moja ya chuma cha treni. Mwaka huo huo Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida ikapandwa upande wa Pangani. Iliyofika hai ilikuwa 62. Mashamba yote ya mkonge ambayo babu zetu walikata majani yake yalitokana na miche hiyo. Msimamisheni mzee aliyewahi kukata mkonge aeleze uzito wa mzigo, na miba ilivyokuwa ikimchoma mapajani. Hapo hakuna atakayechoka. Historia ya mkonge ikisemwa bila jasho la manamba, wale vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka mbali, inabaki kuwa sifa za mwenye shamba.

Pili, upande wa mjini, kabla ya bustani. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa jeshi kubwa lililotoka India, karibu watu 8,000, dhidi ya askari wa Wajerumani wasiozidi elfu moja na kidogo, wengi wao Waafrika. Wakashindwa wakarudi melini. Katikati ya mapigano nyuki waliovurugwa na risasi wakawavamia askari, ndiyo maana vita vile vikaitwa vita vya nyuki. Watoto wanakipenda kisa hiki kuliko chochote. Lakini waambieni pia kwamba waliokufa pande zote mbili walikuwa wana wa watu walioletwa kupigania ardhi ambayo wenyewe wameikuta ina wenyewe.

Tatu, mwishoni, ufukweni: Shaaban Robert. Alizaliwa 1909 Vibambani, akafariki 1962, akazikwa Machui, kusini mwa mji huu huu. Kuna watu wanaisoma kazi yake vyuoni nchi za mbali, na kuna watoto wa Tanga wasiojua kwamba kaburi lake wanaweza kulifikia kwa baiskeli kabla jua halijawa kali. Mtoto mmoja asome beti chache kwa sauti, hatosheki mtu. Msiweke hotuba baada yake.

Sasa mambo ya karatasi, maana yanaharibu shughuli nyingi. Andikeni barua kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, ipelekwe kwa afisa utamaduni wa jiji, na nakala kwa polisi kwa ajili ya usalama wa barabarani. Nendeni mapema, na muende na orodha ya mitaa yote inayoshiriki. Ofisi ikiona sahihi za wenyeviti kadhaa, inaliona jambo hilo kuwa la mji, si la kikundi cha vijana. Msiombe fedha katika barua ya kwanza. Ombeni taka zizolewe na trafiki wasimame njia panda.

Nahodha wa Deep Sea

Wote mmesema vizuri, lakini hakuna aliyeuliza bahari. Fundi, uliweka siku yako kwa kalenda ya ukutani, sivyo? Mimi nilipita na chombo jioni ile, maji yalikuwa yametoka, watu wamekaa wanatazama matope.

Chagua Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu, kumi na nne mpaka kumi na sita ya mwezi wa kiislamu. Hapo ni bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, na kwetu siku za bamvua maji hujaa alasiri, kama saa kumi hivi. Msafara ukifika Raskazone bahari iko juu, imejaa mpaka kwenye kingo, watoto wataogelea. Kisha jua likizama mwezi unatoka, na watu wa Makorora watarudi kwao kwa mwanga wake. Ukichagua siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, alasiri utayakuta yametoka.

Mwezi gani? Masika achana nayo. Mwezi wa saba upepo wa kusi bado ni mkali. Mwezi wa tisa upepo umelegea, na sisi tunaweza kuleta ngalawa kutoka Deep Sea, kule kwetu wavuvi, tukashindana mbele yenu, tanga juu, wakati baiskeli zinaingia. Wavuvi hawana baiskeli za kuringa, ila wana vyombo, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba sherehe hiyo inatuhusu. Nikialikwa kwa mdomo kama alivyosema mama hapo juu, naleta wenzangu.

Fundi Spoku, Ngamiani

Nahodha, unaalikwa, na nitakuja ufukweni mwenyewe kukualika mbele ya wenzako. Ngalawa zikiwa zinaingia na tanga zimejaa upepo, na mtaa mzima wa Mabawa umesimama ukingoni, mbona nitalia.

Shikamoo Mwalimu. Nimeandika yote. Mzee wa mkonge nimeshampata, anakunywa kahawa baraza moja nami, na hajawahi kuombwa na mtu asimulie. Nitamletea kiti, asisimame.

Mgosi, tarehe nitaitoa nikishakaa na Nahodha tukaangalia mwezi. Waambie wenzako wasilete fulana za kugawa. Wakitaka kuchangia, walete matairi ya inchi ishirini na nane na tyubu, maana kwenye mitaa nitakayopita najua kuna baiskeli nyingi zimeegemezwa ukutani kwa kukosa tairi tu, na wenye nazo wanaona aibu kusema.

Kilichobaki ni kupiga hodi. Ngamiani naanza kesho jioni nikifunga kibanda, barabara moja baada ya nyingine. Kwa upande wa Mabawa na Kwaminchi sina mwenyeji wa kunitambulisha, na sitaki kuingia kwa watu kama muuza bidhaa. Nani atanishika mkono?

Mama Shughuli wa Makorora

Mabawa niachie mie, nina wakwe huko. Kwaminchi tutakwenda wote. Ijumaa baada ya sala ya alasiri njoo soko la Makorora, uwaulize wauza nazi, watakuonyesha nilipo. Uje na daftari, na uje na kijana mmoja wa kike, kwa sababu kuna nyumba ambazo wewe hutakaribishwa ndani na yeye ataingia mpaka jikoni.